Lugha za Nyumbani Mwetu

Habari yetu ni ya nyumba moja tu.

Sisi, mume na mke, twakaa Muheza. Mume ni Mbondei. Mke ni Mnyamwezi, ambaye babu yake alikuja kukata mkonge. Mmea ule uliletwa nchi hii mwaka 1893, na mashamba yake yakakusanya watu wa makabila mengi, nao wakasikilizana kwa Kiswahili. Basi tulipozaa, tuliona vema watoto wajue Kiswahili peke yake, wasije wakachanganyikiwa shuleni. Majirani wakatusifu.

Ikawa bibi yao mzaa baba akaugua, tukamleta kwetu. Kiswahili alikijua, lakini kwa ukali wa homa kilimtoka, akawa asema Kibondei tu. Usiku mmoja alimwomba mjukuu wake maji, tena na tena. Mtoto yule, naye ni mwema, akamfunika blanketi. Tulipoamka tulisikia kilio. Aliyelia ni mtoto.

Tangu siku ile baba asema nao Kibondei, hata sokoni. Mama asema Kinyamwezi. Na tukikaa sote kula, Kiswahili. Mdogo alikuwa na miaka miwili. Kwa muda alichanganya maneno, kisha akajua mwenyewe nani aambiwe nini. Mkubwa, wa miaka kumi na miwili, alitujibu kwa Kiswahili, wala hatukumkemea, maana mtoto akikemewa kwa lugha huikimbia. Leo asikia yote, ila kusema kwamlemea. Hasara hiyo ni yetu, hatuifichi.

Ninyi walimu, twawasihi msiwaambie wazazi kwamba lugha ya nyumbani yaharibu Kiswahili. Steere, aliyejitaabisha sana na Kiswahili cha Unguja, alitoa pia kitabu cha Kishambala, mwaka 1867. Na Woodward akatoa cha Kibondei mwaka 1882. Wageni wale walijifunza lugha zetu wakiwa watu wazima, kwa jasho. Watoto wetu wazipata bure wakiwa mgongoni.

Bibi alipona. Sasa kila Jumapili alasiri amfundisha yule mkubwa hadithi kwa Kibondei, na akikosea neno humrudisha mwanzo, bila huruma.