Gari la Zahanati: Tusidanganywe na Vani ya Bei Rahisi

(Maneno ya mwanachama wetu aishiye Marekani, kwenye harambee ya mwaka)

 

Kamati imeniuliza kama tununue vani ughaibuni tuisafirishe nyumbani, iwe gari la wagonjwa. Nimeulizwa mimi kwa sababu nilisoma Urusi, na sasa nasambaza mizigo Marekani.

Mrusi ana UAZ, iliyoanza kutengenezwa Ulyanovsk mwaka 1965. Kwa umbo lake wanaiita "bukhanka", yaani mkate wa boflo. Magurudumu yote manne yanavuta, tope haliisumbui. Injini iko ndani, kati ya viti vya mbele, hivyo fundi huitengeneza akiwa amejikinga na baridi. Lakini joto na kelele navyo vinaingia humo humo. Kwa kazi ya porini ni gari. Kwa safari ya familia ni adhabu.

Mmarekani ana Ford Transit, inayoundwa pia Kansas City tangu 2014. Ina kiyoyozi na mifuko ya hewa, na ile ya dari refu unasimama ndani. Ya mizigo ni kwa kazi. Ya viti hubeba ukoo mzima. Ila tukumbuke kwamba mwaka 2001 mamlaka ya usalama barabarani ya huko ilionya kuhusu vani za viti 15 za wakati ule: zikibeba watu 10 au zaidi, hatari ya kupinduka inaongezeka sana.

Sasa tuje kwetu. Zinazouzwa huko zina usukani kushoto. Mlango wa ubavuni wa ile ya Marekani uko kulia, kwa hiyo hapa mgonjwa atashushwa katikati ya barabara. Na spea tutaagiza wapi, mama mjamzito akisubiri?

Ushauri wangu: tununue Land Cruiser ya usukani wa kulia, ambayo mafundi wetu wanaijua. Ni ghali zaidi, siwafichi. Ndiyo maana tuko hapa.

Nilikuwa nimeweka akiba nisafirishe vani yangu nije nayo nyumbani. Fedha hiyo leo naiweka kwenye kapu la harambee. Nawe ndugu yangu, jaza fomu ya ahadi, kidogo ulichonacho kinatosha kuanzia.