Kisanduku ni Chetu, Ufunguo Uko kwa Nani?

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa viongozi wa vikundi vya kujisaidia



Akina mama, wazee na vijana, tunawashukuru kwa kufika ingawa ni wakati wa palizi. Leo hatutazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala matangi ya maji. Tutazungumza juu ya kile kisanduku chenye taa kinachogawa intaneti, kile wauzaji wanakiita ruta. Vikundi vitatu kati yenu vimekinunua kwa pesa ya mchango, na vyote vitatu vimekuja kulalamika kwetu.

Malalamiko ni yale yale. Aliyekiuza alikifunga kwa neno lake la siri. Mkitaka kubadilisha jambo dogo tu, kwa mfano kumzuia kijana mmoja asimalize bando lote akitazama mpira, lazima mumwite, na akija analipwa nauli na kazi. Kikundi kimoja kimemlipa mara nne. Jamani, ni kama kununua mashine ya kusaga unga halafu ufunguo wa mlango ubaki na fundi!

Hebu tuelewe kwanza. Kisanduku hicho ni kompyuta ndogo. Ukikifungua utakuta bodi isiyozidi sana kiganja cha mkono, na bodi hiyo huendeshwa na programu iliyowekwa kiwandani. Lakini programu hiyo yaweza kutolewa, iwekwe nyingine. Iko moja inaitwa OpenWrt, imejengwa juu ya Linux. Haiuzwi. Mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua, kusoma jinsi ilivyoandikwa na kuirekebisha.

Ilianzaje? Mwisho wa mwaka 2002 kampuni ya Linksys ya Marekani ilitoa ruta iitwayo WRT54G. Mwaka 2003 mafundi waligundua kwamba ndani yake mna Linux, na sharti la Linux ni kwamba ukiiuza ndani ya kifaa chako, lazima utoe na maandishi yake. Kampuni ikayatoa. Mwaka 2004 watu wa kujitolea wakaanza OpenWrt kutokana na maandishi hayo, ndiyo sababu jina limebaki na zile herufi tatu. Hiyo ni harambee ya mafundi, na matunda yake yanatufikia hata sisi.

Wenzetu wa Mankosi, kijiji cha Eastern Cape kule Afrika Kusini, waliitumia vizuri. Waliweka visanduku vyenye programu hii katika nyumba za wanakijiji, kila kimoja kikipitisha mawasiliano kwa jirani yake, na umeme ukatoka kwa sola. Sola hiyo hiyo ikachaji simu za watu kwa malipo kidogo. Mwaka 2014 walisajili chama cha ushirika, Zenzeleni, yaani "jifanyieni wenyewe" kwa Kixhosa.

Sasa tuwaambie aibu yetu wenyewe. Tulipojaribu kwenye kisanduku cha ofisi, tulifuata maagizo, taa zikawaka, lakini simu zetu hazikuona mtandao wowote. Tukakipeleka mjini kwa fundi. Akakitazama, akasema kimekufa, tununue kingine. Kikakaa kabatini siku 9, na mweka hazina hakutusemesha vizuri siku zote hizo. Kisha msichana wa sekondari aliyekuja kutusaidia wakati wa likizo akauliza, "Mmejaribu na waya?" Akaunganisha waya kutoka kompyuta, akaandika 192.168.1.1, na mlango ukafunguka. Kumbe OpenWrt ikiwekwa upya kwa kawaida huja na mtandao wa hewani umezimwa, na haina neno la siri mpaka uliweke wewe. Hakikuwa kimekufa hata kidogo. Kilikuwa kinatungoja.

Kwa hiyo shikeni haya. Kabla ya kununua, geuza kisanduku usome kibandiko cha chini: jina, namba, na toleo, maana ruta mbili zenye jina moja zaweza kuwa na bodi tofauti kabisa. Tafuteni toleo hilo hilo katika orodha ya OpenWrt. Kama halimo, acheni, hata kama bei ni tamu. Msikubali chenye chini ya megabaiti 16 za ghala na 128 za kumbukumbu ya kazi. Vile vya zamani vyenye 4 na 32 matoleo mapya hayaviingii tena. Wakati wa kuweka programu tumieni waya, na mtu asiguse swichi. Umeme ukikatika katikati, hapo ndipo kisanduku huweza kufa kweli.

Juu ya umeme, wale wa sola wasikilize. Vingi hutumia volti 12, lakini si vyote, someni kibandiko tena. Chenye kula wati 5 kitakula wati-saa 120 kwa siku nzima. Betri ya volti 12 na ampea-saa 20 ina 240, na betri ya asidi haifai kushushwa kupita nusu. Basi betri hiyo inawatosha siku moja tu bila jua. Mwezi wa Julai, huku kwetu kwenye ukungu, itawaaibisha.

Neno la siri liandikwe, litiwe katika bahasha, mwenyekiti na mweka hazina watie sahihi juu yake. Na mkitaka kuwauzia majirani intaneti, msianze kimya kimya. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa utaratibu wa leseni kwa mitandao inayoendeshwa na wanajamii wenyewe, na tutawasaidia kujaza fomu. Tena someni mkataba wa anayewaletea laini, maana wengine hawaruhusu kuuzia mtu mwingine.

Mkutano ujao kila kikundi kilete kisanduku chake na adapta yake. Msisahau adapta. Na yule msichana atakuwepo, tumeshaongea na mamake.