Mto Wetu Unakoishia

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, Hale)



Nimeombwa nizungumze juu ya safari. Huenda mnangoja habari za Ulaya, maana kazi ya serikali imenifikisha huko. La, nitazungumza habari za Pangani.

Mto huu tuliokuwa tukiuogelea kwa kujificha walimu (na mamba), ambao maji yake yanaendesha mitambo ya umeme hapa Hale tangu 1964, unaingia baharini Pangani. Nilimaliza shule na chuo kikuu bila kufika. Nilifika mwaka 2019, nimekwisha vuka arobaini, nikifuatana na mzee wangu.

Tulikuta nyumba za mawe, milango ya nakshi, na nyingine zimebaki kuta tu. Misafara ya pembe na watumwa iliishia hapo. Agosti 1888 wenyeji waliikataa Kampuni ya Kijerumani, na Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita ile, alinyongwa hapo hapo tarehe 15 Desemba, 1889. Tarehe hiyo tuliikariri kwa ajili ya mtihani, kana kwamba mambo yalitokea nchi ya mbali.

Mzee hakujali sana majumba. Alitaka kuona Kikogwe. Tukavuka kwa kivuko mpaka Bweni, tukaendelea. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe. Mzee, aliyekata mkonge maisha yake yote, aliniuliza mara mbili: "Sitini na miwili tu?" Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanyamaza muda mrefu, akiitazama mikono yake.

Mkonge huo haukuuneemesha mji wa Pangani. Mdomo wa mto una mchanga, meli kubwa haziingii, na reli ilianzia Tanga. Ilipofika Mombo mwaka 1905, biashara ya bara ilikuwa imekwisha kuhama.

Ndugu Mwenyekiti, katika mfuko wetu tumetenga fedha za kupaka rangi ukuta wa mbele. Naomba ziwe nauli ya kidato cha tatu kwenda Pangani siku moja. Ukuta wetu utangoja mwaka mmoja. Baadhi ya kuta nilizoziona kule, sidhani. Mafuta ya gari nitatoa mimi. Na wale ambao babu zao walikuwa manamba, wakae viti vya mbele.