Wazee wetu: tunabishania pesa, upweke hatuupimi

Haya ndiyo niliyosema Jumamosi kwenye kikao cha mtaa wetu. Wengi mliyaomba, nimeyakata vipande. Soma hadi mwisho kabla ya kunirukia.

1. Ndugu zangu, kampeni zikifika, swali la wazee huwa moja tu: zile 2,000 za Inua Jamii kwa waliofikisha miaka 70 ziongezwe au la? Ni swali la haki, mzee hali hotuba. Lakini upweke wake hakuna anayeutaja.

2. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 2.7 wenye miaka 60 kwenda juu. Sensa iliuliza hata paa ni la mabati au nyasi. Haikuuliza nani hushinda siku nzima bila mtu wa kuongea naye. Na kwenye bajeti, kisichohesabiwa hakipewi kitu.

3. Utaambiwa, "Upweke ni hisia, utaupima aje?" Hupimwa. Mwaka 1978 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitunga kipimo cha maswali 20. Mwaka 2004 kikafupishwa hadi matatu:
Ni mara ngapi unahisi umekosa mtu wa kuwa naye?
Ni mara ngapi unahisi umewekwa kando?
Ni mara ngapi unahisi umetengwa na wengine?
Nadra ni alama 1, wakati mwingine 2, mara nyingi 3. Jumla huwa kati ya 3 na 9. Uingereza, iliyoteua waziri wa mambo ya upweke mwaka 2018, hutumia maswali hayo kwenye takwimu zake rasmi.

4. Ona kwamba neno "upweke" halimo. Kuna sababu. Nilimuuliza shosho wangu, "Uko na upweke?" Mkaza mwana wake alikuwa hapo akichambua maharagwe. Shosho akacheka: "Upweke gani na boma limejaa watu?" Jioni tukiwa wawili nikamuuliza yale matatu, polepole. Alipata 8. Akasema wanaingia, wanampa chai, wanatoka. Hakuna anayeketi.

Jirani yake anaishi peke yake. Alipata 4. Ana chama, na ana wenzake wa kucheza drafti sokoni.

5. Kwa hivyo ukipanga msaada kwa kuhesabu wanaoishi peke yao, utamkosa shosho. Na ukimuuliza mbele ya watu, atakudanganya kwa heshima. Muulize faraghani, kwa lugha yake. Hiyo 8 si jina la ugonjwa, ni sababu ya kurudi kumwona.

6. "Hiyo ni kazi ya familia." Soma Katiba, kifungu cha 57: wazee wana haki ya kutunzwa na familia na Serikali, zote mbili. Wahudumu wa afya ya jamii tayari wanapita nyumba kwa nyumba. Maswali matatu ni dakika chache tu.

7. Basi anayeomba kura akiahidi kuwajali wazee, muulize: utajuaje kama imesaidia? Asiyekuwa na kipimo ana maneno tu.

Nami sijitoi. Kabla ya jioni ile, nilikuwa nimemaliza miezi minne bila kumtembelea, nikituma pesa kwa simu na kujiona mjukuu mwema.

Mpigie wako leo. Kisha urudi hapa tubishane.