Somo la Kumi na Mbili: Karama Tuliyopewa na Kazi Tuliyoitiwa



Wasikilizaji wapendwa, katika somo lililopita tulifundishana juu ya Sakramenti ya Kipaimara na mapaji saba ya Roho Mtakatifu, yaani hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada na uchaji wa Mungu. Mapaji hayo hupewa mkristu ili yeye mwenyewe aupate utakatifu. Leo twataka kusema juu ya zawadi za namna nyingine, ndizo tuziitazo karama. Karama hapewi mtu kwa faida yake mwenyewe. Hupewa kwa ajili ya wenzake, ili Eklezya ijengwe. Pamoja nazo tutatazama wito, yaani sauti ya Mungu imwitayo kila mmoja kwenye hali ya maisha na kazi aliyomwandalia.

Wako wakristu wengi hapa kandokando ya ziwa, toka Kavimvira mpaka Kalundu na kuendelea kusini, wasemao: “Karama ni za mapadri na wakatekista. Sisi twauza ndagala sokoni, twalima mihogo mlimani. Tuna nini sisi?” Wengine hufanya kinyume. Hutamani karama za kustaajabisha watu, za kutabiri na za kuponya. Huhama kikundi hiki cha sala wakaingia kile wakizitafuta, na huku nyumbani watoto wanalala na njaa. Hawa na wale wamepotezwa na kosa moja: wanadhani karama ni pambo la mwenye nayo.

Wakristu wa Korinto waliwahi kugombana kwa jambo hilihili. Mtume Paulo, katika sura ya 12 ya barua yake ya kwanza kwao, aliwafundisha kwa mfano wa mwili mmoja wenye viungo vingi, na kila kiungo chahitaji kingine. Sisi watu wa ziwani tunao mfano mwingine. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi hutoka pwani na taa zao. Mmoja hupiga kasia, mwingine huangalia taa, wengine huteremsha wavu na kuuvuta. Taa haikamati hata ndagala mmoja; huwavuta tu wakusanyike. Lakini wavu bila taa hushuka katika maji matupu. Tena yuko kijana ambaye kazi yake ni kutoa maji yaliyoingia mtumbwini, wala hakuna amwonaye toka pwani. Asubuhi wanapogawana samaki, nani atathubutu kumwambia kwamba yeye hakuvua?

Sasa tuwakumbuke watu waliofanya kazi katika jimbo letu la Uvira, lililoundwa mwaka 1962. Tarehe 21 Novemba 1964, huko Roma, Papa Paulo VI alitangaza fundisho la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Eklezya, liitwalo Lumen Gentium. Fundisho hilo lasema kwamba Roho Mtakatifu huwagawia karama waamini wa kila daraja, na kwamba wakristu wote wameitwa kwenye utakatifu. Siku saba baadaye, tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, watu wanne walilitia fundisho hilo sahihi kwa damu yao, huko Baraka na Fizi.

Baraka alikuwapo Bruda Vittorio Faccin, wa Shirika la Wamisionari Wasaveri, mwenye umri wa miaka 30. Yeye hakuwa padri. Hakuadhimisha Misa wala hakuungamisha. Wito wake ulikuwa utumishi wa bruda. Waasi walipofika na gari walimwamuru apande. Alipokataa, walimpiga risasi. Padri Luigi Carrara alikuwa kanisani akiwaungamisha watu. Alitoka, naye akaamriwa kupanda garini. Akajibu kwamba apendelea kufa pamoja na ndugu yake. Akapiga magoti karibu na maiti, akauawa. Jioni ile waasi walipanda mpaka Fizi. Padri Giovanni Didonè aliwafungulia mlango, akauawa, na pamoja naye Abé Albert Joubert. Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, kwa niaba ya Papa Fransisko, aliwatangaza wote wanne kuwa Wenye Heri.

Angalieni jambo hili, ndugu. Eklezya haikumweka bruda chini ya mapadri siku ile. Padri alipiga magoti kando ya bruda, na taji yao ni moja. Tena hawakukitafuta kifo. Kifo kiliwakuta kazini: mmoja katika utumishi wake, mwingine katika kuungamisha, mwingine mlangoni pake. Ushujaa wa saa ile ulitanguliwa na uaminifu wa siku nyingi ambazo hakuna aliyezihesabu.

Itazameni pia nyumba alimozaliwa Abé Albert mwaka 1908, upande wa Moba, kusini mwa ziwa letu. Baba yake, Kapteni Léopold Louis Joubert, alikuwa askari Mfaransa, mlei, aliyekaa kando ya ziwa mpaka alipofariki mwaka 1927. Mama yake, Agnes Atakaye, alikuwa Mwafrika. Baba hakuwa padri, wala mama hakuwa mtawa. Wito wao ulikuwa ndoa, na katika wito huo walimlea padri.

Basi mkristu ataijuaje karama yake? Twawapa mashauri manne.

Kwanza, atazame shida iliyo mlangoni pake. Mara chache Mungu huita kwa ndoto. Mara nyingi huita kwa jirani anayepiga hodi. Mto Mulongwe ulipofurika mwezi wa Aprili 2020, makumi ya watu walikufa na maelfu walipoteza nyumba zao. Saa kama ile, mwenye jembe, mwenye sufuria, mwenye chumba cha ziada, na yule ajuaye kukaa kimya na mfiwa, kila mmoja anayo karama mkononi.

Pili, achunguze ni kazi gani aifanyayo vema na kwa amani ya moyo, hata pasipo kusifiwa.

Tatu, awaulize wenzake katika shirika la mtaa wake, na kumsikiliza padri wake. Kinyozi hajinyoi, mara nyingi wengine huiona karama yetu kabla yetu.

Nne, ayatazame matunda. Karama inayozaa upendo na umoja yatoka kwa Mungu. Ile inayozaa majivuno na kufarakanisha nyumba, tuiogope, hata ikiwa ya ajabu namna gani.

Sasa tukariri pamoja.

Swali: Karama ni nini?
Jibu: Ni zawadi ya Roho Mtakatifu apewayo mtu kwa faida ya wengine.

Swali: Ni nani aliye na wito?
Jibu: Kila mbatizwa. Wote wameitwa kwenye utakatifu. Wengine katika ndoa, wengine katika upadri, wengine katika utawa.

Swali: Mtu aiachaye karama yake bila kuitumia amkosea nani?
Jibu: Amkosea Mungu aliyeitoa, na jirani aliyekuwa akiingojea.

Wasikilizaji wapendwa, juma hili kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja aliye karibu naye mwenye shida, amsaidie kwa kile anachokijua vema, wala asimwambie mtu. Tena tumwambie mwingine mmoja, hasa yule adhaniye kwamba hana kitu, karama tunayoiona kwake.

Tuombe. Ee Roho Mtakatifu, uliyewatia nguvu watumishi wako wa Baraka na Fizi, tufumbue macho tuione kazi uliyotupa, na ututie uaminifu tuifanye mpaka mwisho. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.