Kiwewe si Wazimu: Jinsi Hofu na Jeni Zinavyogusa Kumbukumbu

Hotuba kwa wakazi wa Kaunti ya Garissa kuhusu afya ya akili



Katika nyumba nyingi za kaunti hii kuna malalamiko mawili yanayoonekana kupingana. La kwanza ni kusahau: mama anaacha sufuria motoni, mfugaji hakumbuki mbuzi alimkopesha nani, mwanafunzi wa KCSE anayelijua somo lake anaketi kwenye mtihani na kila kitu kinapotea. La pili ni kushindwa kusahau: aliyenusurika shambulio miaka mingi iliyopita husikia mlango ukibamizwa, na mwili wake wote hurudi siku ile. Malalamiko yote mawili yana mzizi mmoja, na mzizi huo uko mwilini.

Mtu akikutana na hatari, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga homoni katika damu. Adrenalini hutangulia: moyo unakwenda mbio, kinywa kinakauka. Dakika chache baadaye hufuata kortisoli, ambayo huupa mwili sukari ya kuendelea kupambana. Hiyo ni neema. Mchungaji aliyekutana na fisi malishoni hana nafasi ya kuwaza. Anahitaji miguu na sauti.

Homoni hizo pia huuagiza ubongo ulikumbuke tukio. Sehemu iitwayo amigdala hushika hofu. Jirani yake, hipokampasi, huhifadhi mahali, wakati na mpangilio wa mambo. Hofu ikizidi mno, amigdala huandika kwa wino mzito huku hipokampasi ikiacha mapengo. Ndiyo maana aliyenusurika hukumbuka mlio na harufu waziwazi, lakini hawezi kueleza lipi lilitangulia lipi. Kumbukumbu isiyo na mahali wala wakati huja kama jambo linalotokea sasa hivi.

Kortisoli ina upande wa pili. Inapopanda ghafla, huziba njia ya kutoa kilichokwisha kuhifadhiwa, na hilo ndilo linalompata mwanafunzi kwenye mtihani. Ikibaki juu kwa muda mrefu, inaweza kuidhoofisha hipokampasi, na kusahau kukawa jambo la kila siku. Utafiti kwa wanyama umeonyesha kwamba matawi ya chembe za neva yaliyopungua kwa msongo huweza kuchipua tena msongo ukiondoka.

Je, mbona ndugu wawili hupitia jambo lilelile, mmoja akapona na mwingine akabaki na majinamizi? Sehemu ya jibu iko katika jeni. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Dominique de Quervain walitoa matokeo kuhusu jeni iitwayo ADRA2B, inayohusika na jinsi ubongo unavyopokea noradrenalini, homoni ya jamii moja na adrenalini. Waliwapima watu wa Uswisi pamoja na wakimbizi wa Rwanda waliokuwa Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda. Wenye aina fulani ya jeni hiyo walikumbuka zaidi mambo yenye hisia kali. Kwa wakimbizi, kumbukumbu za mauaji ya 1994 ziliwarudia kwa nguvu zaidi. Aina hiyo ya jeni imo kwa Wazungu na kwa Waafrika. Si laana ya ukoo wala dalili ya imani haba.

Lakini jeni haiamui peke yake. Utafiti uliofanywa Nakivale ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyopitia mikasa ya aina nyingi, ndivyo kiwewe kilivyozidi kumpata, na waliopitia mingi mno karibu wote waliathirika. Ngamia mmoja ana nguvu kuliko mwingine, lakini hakuna ngamia asiyepiga magoti mzigo ukiongezwa bila kupunguzwa.

Garissa imebebeshwa mizigo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu kilichoko mjini hapa, wengi wao wanafunzi. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo na mifugo ikafa. Mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko. Dadaab, iliyopokea wakimbizi tangu 1991, ina neno lake, buufis, la hamu ya kuhamia ng'ambo inayoweza kumnyima mtu utulivu wa akili.

Mzigo unaweza kupunguzwa. Hukohuko Nakivale, utafiti uliochapishwa 2008 ulihusisha wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, wenye kiwewe. Waliotibu hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofunzwa ushauri. Katika njia moja, mgonjwa alisimulia maisha yake kwa mpangilio, tangu kuzaliwa, mpaka tukio la kutisha likapata mahali pake na wakati wake. Miezi kadhaa baadaye, asilimia 70 ya waliotibiwa kwa njia hiyo hawakuwa tena na ugonjwa huo. Kwa waliofuatiliwa bila tiba, ilikuwa asilimia 37.

Basi, ndugu wakazi, yafanyike haya.

Mtu akipata majinamizi, akishtuka ovyo, akikwepa watu au akisahau sana kwa zaidi ya mwezi mmoja baada ya mkasa, apelekwe kituo cha afya kilicho karibu. Dua na kisomo viendelee. Havipingani na tiba.

Asilazimishwe kusimulia mbele ya watu. Akitaka kusema, asikilizwe bila kukatizwa na bila kuambiwa wapo walioona makubwa zaidi.

Asifungwe kamba wala minyororo. Kumfunga aliyejaa hofu ni kuongeza hofu, na homoni zilezile hupanda tena.

Usingizi ulindwe, kwa kuwa ubongo hupanga kumbukumbu mtu akiwa amelala. Miraa hufukuza usingizi na kuupandisha moyo mbio. Anayeitumia kusahau huamka na kumbukumbu zilezile juu ya mwili uliochoka.

Walimu wasimwite mtoto mjinga kabla ya kujua nyumbani kwao kumetokea nini.

Anayewaza kujiua asiachwe peke yake. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea simu bila malipo kwa nambari 1199.

Aliyevunjika mguu hakuna anayemwonea haya. Aliyejeruhiwa katika kumbukumbu naye ana jeraha la mwili, na anastahili mkono uleule wa kumwinua.