Tulionja pombe ya kahawa: maneno juu ya ulimi na bei

Maneno ya kamati mbele ya mukutano wa wanamemba, Goma



Mulisikia kama kamati ilinywesha watu pombe. Ni kweli, na tunataka kueleza mbele maneno hayajazidi. Chupa zilikuwa tatu, za santilita 33. Zilikuwa zawadi ya ndugu mumoja aliyerudi kutoka Bulaya. Hakuna hata franga moja ya likirimba iliyotoka. Kila aliyetaka alipata vijiko viwili vitatu, na wale ambao dini yao hairuhusu walipewa kahawa tu. Hakuna aliyelewa. Kwa chupa tatu na watu wengi vile, hata ungetaka haungeweza.

Sasa ile pombe ni kitu gani? Inaitwa stauti. Ni pombe ya shayiri, na weusi wake unatoka kwa shayiri iliyokaangwa mpaka karibu kuungua. Ilipata jina London, karne ya 18, na jina lile lilimaanisha pombe yenye nguvu. Mutu anayejua Guinness anajua tayari ile rangi. Kile kilichokuwa kipya kwetu ni kahawa. Kisha pombe kuchachuka, wenye kuipika wanatia ndani kahawa iliyosagwa, ao wanamwanga kahawa iliyolala ndani ya maji ya baridi, kwa sababu maji ya baridi hayatoi uchungu mwingi. Yetu ilikuwa ya asilimia 8. Chupa ndogo moja ya namna hiyo iko na nguvu karibu sawa na nusu lita ya biere ya asilimia 5. Kwa hiyo mutu asidanganywe na udogo wa chupa.

Mama mumoja alionja, akanyamaza, kiisha akasema: «Hii ni kasiksi iliyoenda kusoma Bulaya.» Tulicheka sana, lakini alisema kweli. Kwa kasiksi pia tunakaanga mtama, tunausaga, tunautia ndani ya maji ya ndizi. Nafaka iliyokaangwa haiko kitu cha kigeni kwetu.

Tulionja polepole: pua kwanza, kiisha kidogo juu ya ulimi, kiisha kungoja. Harufu ya kwanza ilikuwa kahawa. Nyuma yake ikaja ganda la mukate lililoungua, halafu utamu kama sukari iliyochomwa. Uchungu ulibakia kwenye koo. Papa mumoja alisema yeye anasikia majivu tu, na hatukumukatalia. Kopo ilipopata joto la mukono, kahawa ilisikilika zaidi, kwa sababu baridi kali inaficha ladha.

Pembeni tuliweka vikombe vya kahawa yenyewe, kutoka mashamba ya wanamemba waliorudi Masisi na Rutshuru. Hapo tulifuata namna ya waonjaji wa kazi: gramu 8 na kidogo za kahawa iliyosagwa, mililita 150 za maji yaliyoacha kutokota sasa hivi, dakika 4 za kungoja, kiisha kuvunja povu la juu na kijiko na kuvuta kwa sauti. Bamama walisema watoto wao wangepigwa kwa kunywa vile! Lakini ile sauti iko na kazi: inatawanya kahawa kinywani mote.

Wandugu, hapa njo tulifikia jambo lenyewe. Kuna wakulima kati yetu waliolima kahawa miaka 30, na siku ile njo walionja mara ya kwanza kahawa ya shamba lao wenyewe. Miaka yote walikuwa wanauza parche kwa kilo na kununua majani ya chai. Kikombe kimoja kilikuwa na uchachu muzuri kama wa marakuja, na utamu nyuma. Kikombe kingine kilinuka kirai kibichi. Wote walikunja uso pamoja, hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Ile harufu ya kirai inajulikana na wanunuzi kahawa ya Maziwa Makubwa yote: Rwanda, Burundi, na Kivu yetu. Inahusiana na mududu wa antestia, anayetoboa tunda. Vijidudu vinaingia kwa lile tundu. Kwa macho mara nyingi hauoni kitu. Punje moja inaharibu kikombe kizima. Ni juu ya mambo kama hayo munuunuzi anashusha bei, na mukulima anaona tu kama ameibiwa. Pengine ameibiwa, pengine hapana. Bila kuonja, atajuaje?

Tulisoma pia karatasi ya chupa. Ilisema «kahawa», basi. Haikusema kahawa ya wapi. Lakini kuna wengine wanaosema: kule Marekani, kiwanda cha Founders cha Michigan kinatengeneza stauti ya kahawa ya asilimia 8.3, na kinaandika kama kahawa yake ni ya Sumatra na Kona. Mutu wa Kona anaweza kuonyesha mutoto wake ile chupa. Sisi, kahawa yetu ilivuka ziwa usiku miaka mingi ndani ya mitumbwi, na ilipofika ngambo ikabadilisha jina. Wengine waliovuka nayo hawakurudi. Wajane wao wanajulikana, na wengine wako hapa kati yetu. Walikufa juu ya mifuko ya kahawa ambayo hakuna aliyejua kama ilikuwa nzuri ao mbaya.

Tunajua pia kama inawezekana vingine. Kooperative ya SOPACDI, pale Minova, ilianza mwaka 2003, na kwa kuosha kahawa vizuri iliifikisha kwa wanunuzi wa Bulaya na jina la Kivu juu yake. Kwenye shindano la Saveur du Kivu, waonjaji walipewa vikombe bila jina la mwenye shamba, na walitoa alama juu ya 100. Kuanzia 80, kahawa inahesabiwa ya pekee, na bei inazungumzwa tofauti.

Kwa hiyo kamati inaleta mambo matatu, muyapigie kura.

La kwanza, meza za kuanikia. Kahawa iliyoanikwa chini inavuta harufu ya udongo. Juu ya meza, wiki mbili ao tatu, ikigeuzwa kila siku, inakauka vizuri.

La pili, kwa wale waliokuta mashamba yao yamegeuka pori: tukate miti mizee, sentimita 30 juu ya udongo, ichipuke upya. Tunasema wazi: mutu akikata leo, atangoja miaka miwili mpaka mitatu. Kwa hiyo tusikate yote mara moja, tukate sehemu sehemu, watoto wasikose masomo. Na ile miaka, likirimba imushike mukono.

La tatu ni ndogo kwa bei: mizani ya gramu, mashini ya kusaga ya mukono, birika, na vijiko. Na vijana wanne, wasichana wawili na wavulana wawili, wafundishwe kuonja, kusudi kila mavuno yaonjwe hapa mbele ya kuuzwa.

Kwa marafiki wanaotuchangia: mulitupatia mablanketi na sufuria wakati hatukuwa na kitu, na hatutasahau. Leo tunaomba mizani. Mukulima anayejua ladha ya kahawa yake anaweza kusema hapana kwa bei mbaya, na ile hapana inakaa kuliko blanketi.

Bado kuna wale waliouliza kama tutapika stauti yetu hapa Goma. Pengine siku moja. Kwanza tuipate kahawa inayostahili kutiwa ndani.

Kura itapigwa kwenye mukutano unaokuja. Asiyeweza kufika atume neno lake kwa jirani.